Bwana Afya Longinus na Neno la Nyayo

Tarehe 30 Juni 1999 Ndugu Longinus Pasikali, Ofisa Afya, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika wilaya za Kibondo na Kasulu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Stumai, kazi ya kuandika wasifu wake, na ikanisisitizia niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Ila mengi niliyoyaona nikiwa naye yalinitia hofu, na hofu hiyo bado ninayo.

Longinus alizaliwa Nyabibuye. Alisoma seminari miaka miwili, akaacha kwa sababu ambazo kila mwaka anazieleza tofauti. Mwaka 1965 akaajiriwa msaidizi wa afya. Tangu hapo hakuna mama ntilie wa Kibondo wala wa Kasulu ambaye hajafunuliwa sufuria na mtu huyu. Harusini huanza na jikoni, ndipo akawape maharusi mkono. Kikombe chake cha bati husafiri naye popote, hata nyumbani kwa mkuu wa wilaya, na siku ile aliyokitoa mezani mbele ya wageni sisi wenzake tulitamani ardhi itufunike.

Kipindupindu kilipoingia, alilala ofisini wiki tatu. Wakimbizi walipovuka kwa maelfu mwaka 1993, alichimba vyoo pamoja nao, shati limefungwa kiunoni, huku akiwagombeza kwa Kiha nao wakimjibu kwa Kirundi. Walielewana vizuri kabisa.

Kila palipozuka ugonjwa, tulipokea kutoka mkoani karatasi yenye neno moja la Kiingereza: "investigate", yaani chunguzeni. Sisi vijana tulilisoma kama amri ya kujaza fomu. Longinus alituketisha chini. Akatueleza kuwa padre aliyemfundisha Kilatini alimwonyesha kwamba ndani ya neno hilo limo neno la kale, "vestigium", yaani unyayo, alama ya mguu ardhini. Wenyewe wa zamani walipolitamka walimwona mwindaji aliyeinama, anafuata alama za mnyama porini. Waingereza wakalichukua, likavaa suti, likaingia maofisini na mahakamani, na mguu ukasahaulika. Lile jingine, "research", yaani utafiti, alisema limepitia kwa Wafaransa na asili yake ni kuzunguka huku na huku ukitafuta, ndiyo maana wanaotoka vyuoni huzunguka kijiji na gari bila kushuka. Na kupekua, alisema, hiyo ni kazi ya kuku.

Kwake yeye kazi ilianzia kwenye miguu ya mgonjwa. Jana miguu hii ilikwenda wapi? Juzi je? Unairudia njia ile ile, kinyumenyume, kwa miguu yako mwenyewe, na huruhusiwi kuamua unakokwenda kabla hujafika.

Novemba 1996 tulipelekwa kijiji kimoja nyuma ya Titye. Jina nitaliacha, maana baadhi ya waliokuwepo wamo ukumbini leo. Watu kumi na wanne walikuwa wanahara damu. Wawili walikwisha kufa, mmoja wao mtoto wa balozi wa nyumba kumi, Bwana Nestori. Wagonjwa wengi walikuwa wamekunywa pombe ya ndizi kwa Esteri Akimana, mjane ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi mwaka 1972. Esteri aliionja kwanza mbele ya wateja, kama desturi inavyotaka. Haikumsaidia. Walisema ana dawa ya kujikinga na sumu yake.

Tulipofika, saa nne asubuhi, Esteri alikuwa amejifungia ndani. Mlangoni kwake walikuwa wamerundika majani makavu ya kuezekea. Wanaume walikaa pale na mapanga magotini, wametulia, na utulivu wao ndio ulionitisha. Nestori alikuja kutupokea kwa heshima zote.

"Bwana Afya, wewe uandike tu kwamba ni sumu," alisema. "Hii kazi nyingine tutaimaliza wenyewe."

Longinus akamwomba ampe muda hadi saa tisa. Nestori akatazama jua, akakubali.

Nilidhani tutaanza na mtungi wa Esteri. Longinus akaenda kitandani kwa mzee mmoja Mwislamu, naye alikuwa anahara damu, na maishani mwake hajawahi kugusa pombe. Akamwuliza miguu yake ilikopita. Tukapita njia hizo zote. Tukaenda kwa mgonjwa wa pili, wa tatu, wa nne. Nilimsihi aharakishe, maana kila tulipopita karibu na nyumba ile niliona rundo la majani limeongezeka. Hakuharakisha. Nilimchukia siku ile, na leo namwambia.

Saa nane njia zote zilikuwa zimekutana kwenye chemchemi ndogo upande wa juu wa kijiji. Ilianza kububujika na mvua za kwanza, na watu walifurahi kwa kuwa iliwaokoa na safari ya mtoni. Mzee yule alitawadhia pale. Esteri aliosha vikombe na kuchanganyia pombe kwa maji ya pale. Juu yake kidogo palikuwa na choo ambacho shimo lake lilikuwa limebomoka kwa mvua, na chini ya ukuta maji machafu yalikuwa yanachuruzika kuifuata chemchemi. Choo kilikuwa cha Nestori.

Nilimwona Longinus akikitazama choo kile, hataki kukisogelea. Nilifikiri anamwogopa Nestori. Kumbe alikuwa amepatambua mahali pale.

Wanaume walikuwa wametufuata. Nilimnong'oneza aseme tu kwamba ni maji, aishie hapo. Akanitazama kama hanijui, kisha akamgeukia Nestori. Maneno yake niliyaandika jioni ile ile, na nayaweka hapa kama yalivyokuwa.

"Nestori, Esteri hajamwua mwanao. Ni maji haya, na yametoka chooni kwako. Na hapa hukuchagua wewe. Mwaka themanini na nane ulitaka kuchimba kule migombani, mimi nikakukatalia. Kigingi cha choo hiki niliweka mimi kwa mkono huu, mwezi wa nane, chemchemi imekauka. Sikuuliza mtu kama mvua zikinyesha maji hutoka hapa."

Mmoja nyuma akapaza sauti kwamba basi wachomwe wote wawili, Esteri na Bwana Afya. Nilijiona nimekufa. Nestori alisimama na panga lake mbele ya Longinus. Longinus hakurudi nyuma hata hatua moja.

Hatimaye Nestori akasema, "Mtoto wangu ndiye niliyekuwa namtuma maji hapa." Akakaa chini kwenye tope. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Nendeni mkaondoe yale majani."

Wakaenda. Esteri alikataa kufungua mlango hadi siku ya pili.

Tulikaa kule wiki nzima na dawa na klorini. Hakufa mtu mwingine. Longinus na Nestori walichimba choo kipya migombani, siku nne, wawili tu, bila kusemezana. Katika ripoti, mahali pa chanzo cha mlipuko, Longinus aliandika jina lake na mwaka 1988. Mkubwa mmoja alimrudishia ripoti airekebishe. Hakuirekebisha. Akapata barua ya onyo, na ndiyo maana anastaafu na cheo kile kile alichokuwa nacho siku tuliyopanda pikipiki kwenda Titye.

Kuanzia kesho kutwa karatasi za mkoani zitaletwa mezani kwangu, na ninaogopa. Siogopi mapanga sana. Naogopa siku njia itakaponirudisha kwenye kigingi changu.

Esteri amekuja leo, yuko mstari wa pili. Nestori tulimwalika, akajibu kwamba hatakuja, na Longinus akasema ana haki. Wasifu huu nilimpa Longinus ausome kwanza, nikamwambia habari ya 1996 naweza kuiondoa, kwa kuwa ni siku ya furaha. Akasema iache. Akaomba kitu kimoja tu, jina la yule mtoto liandikwe: Careen binti Nestori, miaka sita.

Nimeliandika. Asante, Bwana Afya. Nenda Nyabibuye salama, nasi tunakuombea siku nyingi na moyo mtulivu.