Sarafu Aliyoisugua Ambrose

Sogeeni karibu, Hester, na wewe Lionel, keti, acha kuzungukazunguka, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na uchovu huu si wa kulala ukaamka. Nyumba ni ya Hester, aliyemuuguza mama yenu mpaka mwisho. Trekta na ghala ni vyako, Lionel. Imebaki ile sarafu ya fedha.

Mnajua niliipata kwa mashine yangu ya kutafutia vyuma, katika shamba la shayiri la jirani yetu Ambrose, nasi tulikwisha kupeana mikono kwamba kitakachotoka ardhini ni nusu kwa nusu. Ilikuwa nyeusi, ndogo kama kifungo cha shati. Bi Rosalind wa makumbusho aliipima uzito, akaifuata herufi kwa herufi chini ya kioo cha kukuzia, kisha akainua macho.

“Mfalme huyu tunamjua, alitawala Waanglo-Saksoni wa kale wa huku huku Suffolk,” akasema. “Lakini fundi aliyeifua, jina lake hili hapa sijaliona kwenye sarafu nyingine yoyote. Mnadani haitapungua pauni elfu ishirini. Tafadhali, msiisafishe.”

Ambrose alikuwepo, lakini masikio yake mnayajua, ni mazito. Akaenda kulala nayo, na asubuhi ya mnada akaja anacheka.

“Aubrey, tazama inavyong'aa!”

“Umeifanyia nini?”

“Dawa ya meno, na mswaki. Wasije wakatuona washamba.”

Jina la fundi lilikuwa limefutika, na Bi Rosalind akashusha bei mpaka elfu nne, tukaahirisha kuiuza. Ambrose aliketi kwenye ngazi za makumbusho, kofia magotini. Tangu hapo hajakanyaga hapa, nawe Lionel ukamwita mpumbavu mbele ya watu baani, na sasa nasikia umekwenda kwa wakili ili umshitaki.

Mwambie wakili na hili basi. Ambrose huyo aliwalisha ng'ombe wangu majira yote ya baridi nilipokuwa hospitalini na mama yenu, na hakuniomba hata bia. Iuzeni sarafu kwa bei yoyote, nusu yake mpelekee wewe mwenyewe, Lionel, mkononi, na umwombe radhi.

Nipe maji, Hester... Inatosha. Mungu awaweke pamoja, wanangu, awape meza moja... msigombane.

Na jeneza langu... Ambrose ashike mbele. Atasema goti linamuuma. Mwambieni aende taratibu tu... mimi sina haraka.