Kitinda Wetu, Aliyekaa Nje ya Mlango wa Bafu

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake wa kliniki, na ninyi wageni ambao mpaka juzi tuliwajua kama picha za paka na viti kwenye simu ya marehemu: asanteni kwa kuja. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa kuwa mimi ni dada yake, na kwa kuwa hakuna mwingine katika familia aliyekubali kusimama hapa. Tuna aibu. Nalitamka hilo mapema nisije nikalizungukazunguka mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1994, binti wa pili na wa mwisho, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha mikate alikofanya kazi baba yetu. Nyumbani aliitwa Kitinda, na jina hilo lilimganda hata alipotuzidi urefu sote. Baba alikuwa msimamizi wa zamu ya usiku, na mtaa mzima ulimwita Bwana Zamu, kwa sababu hata akiwa nyumbani alitembea mikono nyuma akikagua kila kitu. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani ninayotumia dukani kwangu ni yake. Alifariki mwaka 2003, Kitinda akiwa na miaka tisa. Baba hakudondosha chozi mbele ya mtu, na watu walimsifu sana kwa hilo. Kilichobadilika ni kwamba alianza kuoga muda mrefu kila jioni kabla ya kwenda kazini, bomba likimwagika kwa nguvu zote, hata majirani wakatania kwamba mtaani hakuna mtu msafi kumshinda Bwana Zamu. Mimi nilikuwa jikoni wakati huo, napika, na nilicheka pamoja nao.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na kiwanda, akamaliza sekondari mwaka 2012, kisha akachukua stashahada ya uhazili na kuhitimu mwaka 2015. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Walimu wake wanamkumbuka kwa insha moja. Waliambiwa waandike kuhusu siku wasiyoisahau, naye akaandika tangazo: “Imepotea siku. Mara ya mwisho ilionekana ikiwa na manyunyu, imevaa sare ya shule. Atakayeiona aitunze.” Mwalimu alimpa sifuri kwa kutojibu swali, kisha akaenda kuisoma kwa sauti kwenye chumba cha walimu. Kitinda alisimulia kisa hicho maisha yake yote, na kila mara alijivunia ile sifuri.

Mwaka huohuo wa 2015 aliajiriwa mapokezi katika kliniki ya meno, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka afya ilipomkatalia. Daktari wa kliniki hiyo yuko hapa leo. Yeye ndiye aliyetukumbusha lile bango alilolibandika Kitinda ukutani: “Ukiumwa sana, kaa kiti cha kwanza. Ukiogopa sana, kaa karibu na mimi.” Daktari alitaka kulibandua, ila aligundua kwamba wagonjwa walianza kugombea kile kiti cha karibu na mapokezi, wakiwemo wanaume wazima wenye mabega mapana. Bango bado lipo.

Kazi yake nyingine sisi hatukuwa tunaiita kazi. Tulisema anashinda kwenye simu. Aliandika hadithi na kuzichapisha kwenye majarida ya mtandaoni kwa jina la Mabano, kwa sababu neno zito kuliko yote alikuwa akilificha ndani ya mabano, msomaji apite nalo asilione mpaka ameshalala. Hazikuwa hadithi za kuanza na hapo zamani. Moja ilikuwa maelekezo ya kutumia birika la umeme. Nyingine ilikuwa maswali matupu ya watu waliosimama kwenye foleni. Moja aliiandikia chini ya picha ya pasi, kwenye maoni, akitumia akaunti tano zilizokuwa zikigombana, zote zake, mpaka watu wasiojua wakaingia kuzipatanisha. Baba mdogo, muuza vipuri, kila tulipokutana mezani alimuuliza, “Haya, mwandishi, kitabu kiko wapi?” Naye alijibu, “Kiko njiani, baba mdogo. Kimekwama kwenye foleni.” Sote tulicheka, na yeye pia, ingawa yeye alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Mwezi Juni 2018 alichapisha hadithi iitwayo “Wasifu wa Mtu Msafi.” Iliandikwa kama huu ninaousoma: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, kifo. Mtu aliyeelezwa humo alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mikate. Juu kabisa palikuwa na neno “hadithi,” na katikati, ndani ya mabano, palikuwa na mstari huu: (alifungua bomba ili watoto wasimsikie akilia, nao wakajifunza kulala kwa sauti ya maji). Wasomaji wake waliipenda sana. Mmoja wao aliinakili bila kichwa chake wala lile neno “hadithi,” mwingine akaisambaza, na asubuhi moja ikatua kwenye simu ya baba mdogo.

Baba mdogo ni mtu wa kusambaza kwanza na kusoma baadaye, na yeye mwenyewe ameniruhusu niseme hivyo. Aliitupa kwenye kundi la familia na maneno “Pole sana wanafamilia, tumepata pigo.” Baba alikuwa amesafiri kufuata kipuri cha oveni, simu yake imeisha chaji. Kitinda alikuwa kliniki, simu ikiwa kwenye droo. Mimi nilimpigia baba, hakupatikana, nikafunga duka na kupita barabarani nikilia kama mtoto. Kufika adhuhuri turubai lilikuwa limeshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na vijana wa kiwandani wamesimama ukutani na nyuso za majonzi. Baba akatokea kwenye kona na kipuri chake cha oveni begani. Akatazama turubai, akatazama watu, akauliza, “Nani amekufa?”

Aliuliza tena. Baba mdogo ndiye aliyepata nguvu, akamwambia, “Ni wewe, kaka.”

Siku hiyo ilichekesha, na hata leo watu wanaisimulia kwa kucheka. Lakini wote waliokuwa pale walikuwa wameshasoma ule mstari wa bomba. Wiki iliyofuata, kiwandani, vijana waliokuwa chini yake walifungulia mabomba ya chumba cha kunawia kila alipopita, wakaangaliana. Baba hakumripoti mtu. Aliomba kuhamishwa stoo, ambako hakuna zamu wala wa kumsimamia, na jina la Bwana Zamu likafa pole pole.

Familia ilikaa kikao. Kitinda aliketishwa katikati ya sebule, akaambiwa aifute hadithi na aombe radhi kwenye kundi, mbele ya wote. Aliandika tukimtazama kidole kwa kidole. Kisha akamwandikia mhariri wa jarida, nayo hadithi ikaondolewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama kilichoandikwa ni kweli, kwa sababu sote tulijua. Toka siku hiyo baba hakumsemesha moja kwa moja. Alisema nami, Kitinda akiwa ameketi palepale: “Mwambie mdogo wako chumvi imezidi.” Nami nilimwambia, naye alisema, “Mwambie nimesikia.”

Mwezi Februari 2020 marehemu alifunga ndoa na fundi wa friji ambaye wengi wenu mnamjua kwa maoni yake. Chini ya kila hadithi ya Mabano, mtu huyu aliandika neno moja: “Sijaelewa.” Baada ya hadithi kadhaa alibadilika, akaandika, “Sijaelewa, ila naendelea.” Kitinda alimtafuta akamwambia kwamba kati ya wasomaji wake wote, ni yeye peke yake asiyedanganya. Waliishi kwa mapenzi na utani mwingi katika vyumba viwili vilivyojaa milango ya friji. Hawakujaliwa mtoto. Arusini baba alikuja, akaketi mbele, akampa mkwe mkono, ila kwa bintiye akainamisha kichwa tu.

Mwishoni mwa mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu hospitalini. Aliandika akiwa amelala kitandani, mkono mmoja umefungwa mirija, na mwingine ukishika simu. Wenzake wa mtandaoni walimsomea hadithi kwa sauti kupitia simu jioni, watu kutoka kila upande, na manesi wakazoea kuchelewa kuondoka chumbani humo. Kuhusu sisi wa damu yake hakuandika tena hata sentensi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, “Mmeshapumzika, dada. Kwa nini niwasumbue?”

Baba alianza kwenda hospitali mwezi Mei mwaka huu wa 2024. Alikaa kwenye kiti cha miguuni, kofia magotini. Siku moja, nikiwa namenya chungwa, akasema bila kunipitia mimi, “Ile hadithi yako.”

Kitinda akashtuka. “Niliifuta, baba.”

“Najua. Mimi ninayo.” Akaitoa simu yake, ile ya kioo kilichopasuka. Alikuwa amebaki na hadithi ile, nakala ileile aliyoisambaza baba mdogo. “Hapa mwisho umeandika nimeacha binti mmoja. Mbona mmoja?”

“Anayeandika hajihesabu, baba.”

“Kwani wewe ulikuwa umekwenda wapi?”

Kitinda alicheka mpaka mashine ikapiga kelele na nesi akaja mbio. Kisha baba akauliza lile alilokuwa amelibeba miaka yote: “Ulijuaje? Nilikuwa nafunga mlango.”

“Nilikuwa nakaa nje ya mlango,” Kitinda akasema. “Kila siku. Nilikuwa nasubiri umalize, ndipo niende kulala.”

Baba aliinuka akavuta kile kiti kutoka miguuni mpaka kichwani, na toka siku hiyo hapo ndipo palikuwa mahali pake. Waliongea mambo madogo: hamira, bei ya unga, jinsi mkwe anavyokoroma. Sikuombwa tena kumwambia mtu kitu.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 2 Agosti 2024, mumewe na baba wakiwa naye.

Usiku wa siku hiyohiyo mlianza kufika, ninyi wa mtandaoni, mkijitambulisha kwa kuona haya, “Mimi ni Kiti Kitupu,” “Mimi ni Paka wa Jirani,” na baba mdogo akaandika majina hayo kwenye daftari la rambirambi kwa heshima zote. Mliniuliza kama mimi ndiye dada wa cherehani. Mlijua bango la kliniki. Mlijua ile insha ya sifuri. Mhariri wake, ambaye sisi tulimdhania bwana mkubwa mwenye tai, kumbe ni huyu mama muuza miwani aliyeketi mstari wa pili. Mlimlilia mtu mliyemsoma, na sisi tuliokula naye meza moja tulikuwa tunawauliza ninyi aliandika nini. Hiyo ndiyo aibu niliyoitaja mwanzo.

Mama mhariri alimfuata baba, akamwomba ruhusa ya kuirudisha hadithi ile jaridani. Baba mdogo alimkatiza, akasema jambo hilo tulishalizika, na kwamba hata kwenye wasifu huu lisitajwe, tumstahi kaka. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Irudisheni kama ilivyokuwa. Sehemu moja tu mrekebishe: mabinti ni wawili.” Akanigeukia. “Na huu wako, andika yote. Nitausoma kabla haujaenda kuchapwa.” Ameusoma. Hakufuta neno.

Marehemu ameacha mume ambaye bado hajaelewa, ila anaendelea, dada mmoja, baba mdogo ambaye siku hizi anasoma kwanza, daktari na wenzake wa kliniki, wasomaji ambao leo tumeziona sura zao, na baba.

Baba ameomba iandikwe hapa, kwa wino, kwamba tuliporudi kutoka hospitali alilia uani, mchana, mbele ya majirani na vijana wa kiwandani, na bomba lilikuwa limefungwa. Anasema hatamaliza leo wala kesho, na kwamba safari hii usimsubiri. Nenda ukalale, Kitinda, ulale kwa amani.