Mistari Kumi na Tisa ya Kheng Soon

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya mkahawa wa Ah Poh, huku mtaani Jelutong, na kila Jumamosi asubuhi tunakaa watatu. Teik Hooi tunamwita Kamusi, maana hajawahi kukosa jibu. Sivanesan ni Breki, maana hajawahi kukubali jambo. Mimi ni Zul tu. Zamani tulikuwa wanne, pamoja na Kheng Soon, tukaandika programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. Tulikuwa na chipu ya aina moja, tukatia kila kitu kapu moja. Sasa wateja wanataka programu iende kwenye chipu mpya pia, nami ndiye ninayetenganisha: yanayofaa chipu yoyote huku, ya chipu ya zamani kule. Jumatatu inatoka. Imebaki mistari kumi na tisa aliyoiandika Kheng Soon, na sijui niipeleke wapi.

— Inafanya nini hiyo mistari? — aliuliza Kamusi.

— Kabla ya kuamsha mashine ya ndani, inasoma saa mara tatu.

— Basi ipeleke kwenye ya chipu zote. Saa ni saa, bwana. Chipu gani haina saa?

— Umeanza! — Breki akadakia. — Saa ya chipu ile ilikuwa inadanganya. Hiyo dawa ya ugonjwa wake. Ukiilisha chipu mpya, itachechemea bure.

— Na nikiitoa kwenye ya wote, kumbe inahitajika? — nikasema. — Mashine za wateja zitaganda Jumatatu, na lawama zote zangu.

Kamusi akavuta kikombe.

— Mnasahau joto. Kile chumba chetu cha kazi kule juu, kiyoyozi kibovu, kompyuta zinachemka. Kheng Soon alisoma mara tatu ili chipu ipate kupumua.

— Ipumue? Chipu ni ng'ombe?

— We ulikuwa unalala, ungejuaje?

— Mimi nakwambia alikuwa anakimbia nne, — alisema Breki. — Si nyie Wachina mnaiogopa nne? Akahesabu moja, mbili, tatu, akaona ya nne mkosi, akafunga faili akaenda kula.

— Acha hizo, bana!

Tulicheka mpaka Ah Poh akachungulia. Halafu kicheko kikakatika chenyewe.

— Kheng Soon alikuwa anachovya mkate kwenye kahawa mpaka unameguka, — alisema Kamusi taratibu. — Akichora kwa maziwa ya kopo juu ya meza.

— Mstari katikati, — nikasema. — Huku ya wote, huku ya chipu. Toka mwezi wa kwanza wa kazi alitaka tutenganishe.

— Nasi tukamuuliza, chipu nyingine itatoka wapi? — Breki hakuwa anatania tena. — Tukapiga kura. Watatu kwa mmoja. Tukamwita Mtabiri mpaka akachoka.

— Alivyoondoka hata kikombe hakumaliza, — alisema Kamusi.

Nimeikumbuka siku ile mara nyingi, wiki hizi ninapotenganisha. Kila faili ninalofungua naona alivyojaribu peke yake, kwa siri, kuweka mambo mahali pake. Naliona pengo lake, na sioni haya kusema.

Hapo ndipo alipofika Nadhirah, tuliyemwajiri mwezi jana, amekuja kununua kahawa ya kubeba. Nikamwonyesha mistari kwenye kompyuta yangu. Akaisoma yote kumi na tisa, polepole.

— Mjomba Zul, aliyeandika hii yu hai?

— Yu hai sana. Anafundisha shule, Ipoh.

— Ah, Ipoh! Mwendo wa saa mbili tu kwa gari. — Akavuta kiti, akakaa, akatutazama kwa hamu. — Haya, akasemaje mlipomuuliza?

Kamusi akamtazama Breki. Breki akanitazama mimi. Namba ya Kheng Soon ninayo kwenye simu, na wenzangu wanayo. Kila Mwaka Mpya wa Kichina yeye hututumia salamu, nami huzisoma nikaiweka simu mfukoni.

— Mjomba?

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka tisa sasa, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza chochote, hata hali yake.