Sirvart Tashjian na Injini Iliyolizidi Gari Umri

Baba Padri, ndugu wafiwa, majirani wa mitaa yote ya Anjar, nanyi mliokuja kutoka Zahle na theluji hii, familia imenituma mimi, Hagop, mtoto wa dada yake, niwasomee maisha ya mama yangu mdogo kama yalivyokuwa, bila kuyalainisha, maana mwenyewe hakupenda kulainishiwa.

Marehemu Sirvart alizaliwa tarehe 11 Machi 1943 hapa Anjar, mtaa wa Kheder Beg, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Boghos na marehemu Takuhi, waliofika hapa wakiwa wakimbizi mwaka 1939, wakati bonde hili lilikuwa mawe na malaria. Alianza shule ya kanisa mwaka 1949, akamaliza darasa la saba mwaka 1956, kisha akatolewa, si kwa uzito wa kichwa, bali kwa kuwa kaka zake walihitaji viatu, jambo ambalo hakulisamehe, na ametuagiza tulitaje mbele ya kaburi.

Alifanya kazi ya kupanga tufaha kwenye makasha hadi tarehe 19 Septemba 1965, alipofunga ndoa na Hovsep Tashjian, dereva wa basi dogo la Anjar na Zahle, wakajaliwa watoto watatu, Ara, Maral na Nazeli. Hovsep alifariki kwa kiharusi tarehe 2 Novemba 1984, na ilipokwisha siku ya arobaini marehemu alivaa koti la mumewe, akachukua ufunguo, akaendesha. Wapo waliosema mjane hafai kushika usukani, na wengi wao walilisema hilo wakiwa wamekaa ndani ya basi lake.

Vuli ya mwaka 1987 injini ya basi, iliyokuwa imechoka na kunywa oili kuliko dizeli, ilinoki, ikafa njiani kwenda Zahle, na ndani wamo wanafunzi wa sekondari na wagonjwa wawili wa figo waliokuwa wakienda hospitali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa bado vinaendelea, hakuna gari jingine lililokubali njia ile kwa nauli ile, na kabla wiki haijaisha wazazi wa wasichana watatu walitangaza kwamba binti zao wamesoma vya kutosha. Neno hilo lilimchoma marehemu kuliko hasara yote ya basi, kwani aliwahi kulisikia likisemwa juu yake.

Fundi Kevork aliifungua injini, akatikisa kichwa, akasema imekwisha, silinda zake zimelika hazichongeki tena, na mpya haipatikani. Manoug, shemeji wa marehemu, ambaye yupo hapa mbele na ameniomba nisimfiche, alimwambia marehemu, “Uza chuma hicho, shemeji, umfuate Ara Marekani.” Marehemu akamjibu, “Ara alikwenda kwa miguu yake, na mimi miguu yangu iko Anjar.”

Alikwenda kwa Abu Nasif, muuza vyuma chakavu wa Bar Elias, akakuta injini ya dizeli ya lori la tufaha, iliyotengenezwa miaka kumi na mmoja kabla ya basi lenyewe, kuku wametagia juu yake.

“Mama, hii ni ya enzi za babu yangu,” akasema Abu Nasif.

“Iwashe.”

“Haina betri.”

“Betri ninayo,” akasema marehemu, kwa maana alikuwa ameichomoa kwenye basi na kuja nayo mapajani, akaketi juu ya tairi, akagoma kuondoka. Injini ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, kisha ikaunguruma, na Abu Nasif mwenyewe akapiga makofi.

Ilipoletwa gereji, Manoug aliizunguka akicheka. “Mmemvua maiti sanda mkamvika mgonjwa!”

“Shemeji, sikununua cheti cha kuzaliwa. Nimenunua kitu kinachowaka.”

Mikono ya kuishikilia injini haikulingana na fremu ya basi, ikabidi Kevork achomelee vipande vya jembe la trekta, huku marehemu akivuta mnyororo wa winchi, na boneti ilipokataa kufunga waliifunga kwa waya. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 7 Desemba 1987, wanaume walitoa viti nje ya mgahawa wa kahawa ili wamwone akiaibika. Injini ilizima mara ya kwanza, ikazima mara ya pili, na Manoug akapaza sauti, “Mleteeni punda!” Marehemu alishuka asimtazame mtu, akatoa hewa kwenye bomba la dizeli, akajifuta mikono kwenye aproni, akapanda, akawasha, na moshi mweusi ukavifunika vikombe vyote vya kahawa. Akafungua mlango, akasema, “Wasichana kwanza!” Wote watatu walipanda, wakiwa na mikoba yao.

Mlimani basi lilipitwa hata na mbuzi, na walipomlalamikia mwendo aliwajibu kwamba Zahle haihami. Wagonjwa walifika, wasichana wale walimaliza masomo, na injini ile ilivuta hadi mwaka 2009, macho ya marehemu yalipofifia, akamkabidhi ufunguo Lusin, binti wa Manoug huyu huyu.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2017, akatibiwa Zahle, akakataa kupelekwa kwa mwanawe Los Angeles, akakataa pia kulishwa kwa kijiko, akafariki Alhamisi, tarehe 16 Februari 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ukali wake, majirani waliompelekea kuni na supu hata alipowafukuza, Fundi Kevork, na madereva wa Zahle walioacha kazi leo wakaja na magari yao.

Alituagiza tusiandike kwamba ameondoka kwa hiari, nasi tunatii, tunasoma ilivyokuwa, ameondoka akibisha. Mabishano yamekwisha, mama, na uliyoshinda ni mengi kuliko uliyoshindwa. Pumzika kwa amani.