Matone Mawili ya Oili: Maisha ya Odile Cyr Pelkey, 1944–2018

Padre, majirani, na ninyi nyote mliofika kanisani leo licha ya theluji hii, mimi ni Clément Cyr, mtoto wa kaka wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kama tulivyoyaandika juzi mezani kwake, tukisaidiwa na madaftari yake, ambayo yana tarehe nyingi kuliko kumbukumbu zetu.

Marehemu Odile alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, katika shamba la viazi la wazazi wake, nje kidogo ya Frenchville, hapa Maine, akiwa mtoto wa tano kati ya tisa wa mzee Adélard Cyr na mama Léonie. Nyumbani hakukusemwa lugha nyingine ila Kifaransa, hadi alipoanza shule Septemba 1950, ambako Kifaransa kilikatazwa hata uwanjani, naye akakaa karibu mwaka mzima bila kufungua mdomo, akawa hodari wa hesabu, somo ambalo halikumdai maneno. Alimaliza sekondari tarehe 8 Juni 1962, akafanya kazi miaka minne katika kiwanda cha wanga wa viazi, na Novemba 1966 akapanda basi na sanduku moja kumfuata dada yake Rolande, Connecticut.

Tarehe 5 Desemba 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha bunduki, kwanza kwenye kuunganisha vipuri, na kuanzia 1971 katika chumba cha majaribio, ambako bunduki zilipigwa kutwa nzima, naye akikaa na penseli, vizibo masikioni, akiandika kila bunduki ilipokwama, imekwama kwenye risasi ya ngapi, na kwa nini. Tarehe 21 Juni 1969 alifunga ndoa na Normand Pelkey wa Caribou, hukuhuku Maine, fundi wa mashine ya kukereza chuma, wakajaliwa watoto wawili, Luc mwaka 1970 na Thérèse mwaka 1973.

Mwaka 1987 kiwanda kilileta mpako mpya wa utelezi, uliopakwa kwenye bolti, yaani kile kipande cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma kupakia risasi na kutoa ganda, na Odile akapewa bunduki kumi na mbili, sita zenye mpako na sita za kawaida, azijaribu. Alizijaribu kuanzia Machi hadi Septemba. Zilipotiwa oili zote zilikwenda sawa, zenye mpako zikakwama mara tatu na za kawaida mara nne katika maelfu ya risasi, tofauti ambayo yeye aliandika kuwa si tofauti. Katika kusafisha, masizi yaliyomchukua dakika ishirini na mbili kuyakwangua kwenye chuma kitupu, kwenye mpako yalitoka kwa kitambaa katika dakika tisa. Bila oili, za kawaida zilikwama mapema, zenye mpako zikaenda mbali zaidi, kisha nazo zikakwama, na kwenye kona ambako mpako ulikuwa umekwanguka alikuta kutu.

Watu wa mauzo walikuwa wameshaandika karatasi yao isemayo kwamba bunduki hiyo haihitaji oili, na shehena ya kwanza ilikuwa inakwenda kwa askari wa wanyamapori wa majimbo ya kaskazini, baba yangu Gérald akiwa mmoja wao. Kwa kawaida hotuba kama hii haina mazungumzo, lakini haya Odile aliyaandika jioni ileile, nasi tumeona tuyaache yalivyo.

"Tia sahihi hapo chini tu, Odile," alisema mkuu wake, Bwana Whitcomb Sayles. "Si umesema mwenyewe zinasafishika upesi?"

"Kusafishika nimesema. Kuacha oili sijasema."

"Zimepiga risasi elfu moja na zaidi bila oili. Nani atapiga risasi elfu moja msituni?"

"Kaka yangu hapigi elfu, Bwana Sayles. Anapiga moja kwa mwaka, bunduki imelala miezi kumi na moja kwenye gari lenye unyevu. Mimi naijali hiyo moja."

"Una watoto wawili, mama."

"Ninao. Na wote wawili wanajua kusoma ninachotia sahihi."

Sahihi ilitiwa na mtu mwingine, na Odile akahamishiwa kwenye kufungasha, ambako kwa wiki tatu, bila kumwambia yeyote, hata mumewe, aliweka katika kila sanduku kikaratasi alichokiandika kwa mkono, kinachosema tia oili matone mawili hata kama umeambiwa usitie, na jina lake chini. Aligunduliwa, akafukuzwa kazi tarehe 26 Februari 1988, baada ya miaka ishirini na moja na miezi miwili. Alifika nyumbani akiwa na kikombe chake cha chai na viatu vya kazini, akamweleza Normand yote, akisubiri agombezwe, lakini Normand akauliza tu, "Kwa hiyo tunarudi kwetu?"

Walirudi Mei 1988, wakafungua karakana ya bunduki Fort Kent, katika ghala la zamani la viazi, na wengi wenu mlikuwa wateja wake, mkimwita Shangazi Odile, na mnajua alivyowapokea waliomletea bunduki zenye mpako. "Umenunua rangi ya kucha," alisema, na mwenye bunduki akacheka au akanuna, kulingana na bei aliyolipa. Normand alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Oktoba 2001, na Thérèse akaacha kazi yake Bangor, akaja kufanya kazi na mama yake.

Ni Thérèse aliyepaka mpako wa aina mpya kwenye bunduki yake ya kuwindia, mwishoni mwa 2006, na kwa siku mbili mama na binti hawakusemeshana.

"Rangi ya kucha," alisema Odile hatimaye.

"Mama, uliijaribu hiyo rangi ya kucha lini mara ya mwisho?"

"Mwaka themanini na saba."

"Ndani, kwenye joto la kiangazi. Hapa ni Connecticut?"

Kwa asubuhi sita za Januari 2007, baridi ikiwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, walipiga risasi uani, bunduki zikiwa zimelala nje. Zile za kawaida, zilizopakwa oili nzito kama wawindaji wa hapa walivyozoea kwa ushauri wake mwenyewe, zilikwenda kwa uvivu kama zina asali ndani, na mbili hazikufyatuka kabisa, wakati zenye mpako zilipiga zikiwa kavu, na vizuri zaidi zilipopewa matone mawili ya oili nyepesi. Odile aliandika kila kitu, akafunga daftari, akaingia ndani bila kuvua koti, na Thérèse anasema alimkuta amekaa jikoni akiwahesabu kwa vidole watu aliowaambia watie oili nzito. Wiki hiyo aliwapigia simu wote aliowakumbuka, mmoja mmoja, kisha akamwandikia Bwana Sayles, ambaye hakuwa amesemezana naye kwa miaka kumi na tisa, kwamba katika baridi kali mpako una faida ambayo yeye hakuipima.

Bwana Sayles, akiwa na miaka themanini, alikuja mwenyewe kwa gari mwezi Agosti, akakaribishwa ploye, zile chapati zetu za ngano nyeusi, na siagi.

"Wewe ulikuwa sahihi," alisema. "Zilirudishwa zina kutu, karatasi ikabadilishwa mwaka tisini. Nilijua siku ile ile. Niliogopa kazi yangu."

"Nami nimewapotosha watu miaka kumi na tisa," alijibu Odile. "Kula, zinapoa."

Mwaka 2015 mikono yake ilianza kutetemeka, madaktari wakasema ni ugonjwa wa Parkinson, akaacha bisibisi, akabaki kumwelekeza Thérèse kwa maneno, na kwa ukali. Mwishoni mwa Januari mwaka huu alishikwa na nimonia, na tarehe 9 Februari 2018, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, alifariki nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mitatu. Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, kaka mmoja na dada wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi Bernadette, aliyekuja kila siku hata barabara ilipofungwa, majirani walioondoa theluji mlangoni, na wenzake wa zamani waliotoka Connecticut. Ardhi yetu imeganda, hivyo marehemu atahifadhiwa hadi udongo ulainike, na mazishi yatakuwa Mei, kando ya Normand. Tutarudi wote, shangazi. Mpaka hapo, pumzika.