Aliyekosa Jumuiya kwa Ajili ya Uji

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kwenye pikipiki na unanisikiliza kwa simu, simama pembeni kwanza. Leo namkumbuka mtu ambaye baadhi yenu mlikunywa uji wake bila kujua jina lake.

Jina lake ni Pudensiana. Mtaani kwake, Majengo, walimwita Mama Mariana. Wodini, hospitali, walimwita Mama Uji. Ni mtu huyohuyo mmoja. Alifariki wiki iliyopita, hapa Mpanda. Alizikwa Jumamosi, na alizikwa bila jumuiya yake kumsalia. Nalirudia hilo kwa sababu ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Pudensiana, Mkristo tangu utotoni, alizikwa bila jumuiya yake kumsalia.

Alizaliwa Karema. Mdogo wake, mzee Yotham, analima Litapunga, na nilimkuta shambani akipalilia karanga. Nilitegemea aanze kulia. Akacheka.

"Dada alikuwa mkali," akaniambia. "Tukiwa wadogo, akigawa ugali, mgeni anapata kwanza. Sisi wa nyumbani tunapata kilichobaki. Ukinung'unika, unapigwa mwiko. Nyie huko mjini mnamwona mtakatifu. Mimi namkumbuka na mwiko wake."

Kisha akainama tena kwenye karanga. Akang'oa jani, akalitupa. "Sasa huo mwiko nani atanipiga nao?"

Pudensiana aliolewa na mfanyakazi wa reli, akahamia Majengo. Walipata mtoto mmoja, Mariana, ambaye sasa ni mama mwenye watoto wake. Mume aliugua tumbo, akalazwa muda mrefu. Hapo ndipo uji ulipoanzia.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua tulivyozoea. Hospitali inatibu. Chakula analeta ndugu. Kama ndugu yuko Majengo, utakula. Kama ndugu yuko Mishamo, au anahama na ng'ombe huko porini ambako simu haishiki, unasubiri.

Kitanda cha pili kutoka kwa mume wake alilala mwanamume wa Mishamo aitwaye Arcade. Kila Pudensiana alipofungua chakula, Arcade aligeuza uso ukutani. Pudensiana alidhani amelala. Siku moja akaona mabega yake yanatikisika. Hakuwa amelala. Aligeukia ukuta ili asiwaone wakila.

Pudensiana akagawa bakuli la mume wake mara mbili. Mume akalalamika. Akamjibu, "Nyamaza, kula." Ule mwiko wa Karema, mnaona?

Mume alifariki. Arcade alipona, akarudi Mishamo. Na Pudensiana aliendelea kwenda hospitali, ingawa hakuwa tena na mgonjwa wake huko. Mahindi na karanga vilitoka shamba la Yotham. Sukari ilitoka dukani kwa Naseeb, hapohapo Majengo. Alikoroga uji alfajiri, akaumimina kwenye ndoo yenye mfuniko, akaifunga kwa kitenge ili usipoe. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kuona wagonjwa unapoanza, yeye alikuwa tayari mlangoni.

Akifika wodini anauliza, "Nani hana mtu?"

Mariana anakumbuka mama mmoja wa Kisukuma aliyekataa bakuli. "Mimi nina watu," alisema yule mama.

"Wako wapi?"

"Wanakuja."

"Haya, kunywa huu ukiwasubiri."

Watu wenyewe walifika baada ya wiki. Ng'ombe walikuwa mbali.

Naseeb alipenda kumtania. Nilikaa naye dukani, akaniigizia wote wawili, sauti yake na ya marehemu.

"Mama Mariana, ukifika mbinguni waambie sukari ilikuwa ya nani."

"Nitawaambia. Ya Naseeb wa Majengo, yule anayegusa mzani kwa kidole."

"Basi usiwaambie!"

Naseeb ni Mwislamu. Alicheka hadi akafuta macho, na sikuweza kujua machozi yale ni ya kicheko au ya nini. Akasema, "Mimi dini yake sikuisoma kitabuni, dada. Niliiona inapita hapa na ndoo kila asubuhi."

Sasa nifike penye uchungu.

Kwa asiyejua, jumuiya ni nyumba jirani zinazokutana kusali. Kwao Pudensiana wanakutana Jumamosi asubuhi, saa kumi na mbili. Saa ileile ya wodi. Na jumuiya yao ina utaratibu wake. Asiyesali na wenzake akiwa mzima, wenzake hawamsalii akifa. Hawaji na nyimbo. Akina mama hawaji kupika. Mwenyekiti hatoi neno lake, na bila neno la mwenyekiti katekista, yule mwalimu wa dini anayeongoza mazishi, haji kaburini.

Utaratibu huo haukushuka kutoka juu. Waliupitisha wenyewe, kwa kunyoosha mikono, kwa sababu watu walikuwa wanaikumbuka jumuiya siku ya jeneza tu. Jirani yake, Mama Immaculata, alikuwepo siku hiyo. Aliniambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Pudensiana naye alinyoosha. Mkono wake niliuona. Wakati ule alikuwa anakuja kila Jumamosi, na alikuwa na hasira na wavivu kuliko sisi wote."

Basi, wasikilizaji, siwaletei malaika. Nawaletea mwanamke aliyeipigia kura sheria, kisha sheria ikamkuta na ndoo kichwani.

Walimwonya. Mwenyekiti, mzee Ponsian, alikwenda kwake mwenyewe. Si mtu mbaya. Alimwambia apeleke uji mchana, au amtume mtu Jumamosi. Pudensiana akamwambia mchana ni mbali kwa mtu aliyelala na njaa. Na wa kumtuma hakuwepo. Mariana wakati huo alikuwa ananyonyesha.

"Yesu yuko kwenye jumuiya, mzee wangu, sikatai," alimwambia. Mariana alikuwa anasikia kutoka chumbani. "Lakini Jumamosi saa kumi na mbili yuko wodini pia, na hajanywa kitu tangu jana."

Mzee Ponsian akajibu, "Kila mtu akiwa na sababu nzuri, mimi nitasali na viti."

Na hilo nalo ni kweli. Ndiyo maana linauma.

Jumatatu ya wiki iliyopita Pudensiana alianguka jikoni. Presha. Wakampeleka hospitali, wakamlaza wodi ileile aliyokuwa akiingia na ndoo. Mdomo ulikuwa mzito, lakini maneno machache yalitoka. Asubuhi ya Jumanne, watu walipoanza kuingia na vyombo vyao, alifungua macho, akamuuliza Mariana, "Wamekunywa?"

Mariana akatazama vitanda. Palikuwa na watu hawajaletewa kitu. Palikuwa na mmoja ameshika kikombe kitupu, anatazama mlangoni.

"Nikamwambia wamekunywa," Mariana aliniambia. "Nikamwambia, mama, wamekunywa wote. Ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa ananisikia."

Pudensiana alifariki Alhamisi.

Mariana alikwenda kwa mzee Ponsian siku hiyohiyo. Alipiga magoti. Alisema, "Shikamoo, babu. Mama ametutoka. Naomba mje mumsalie." Mzee aliitikia marahaba, akampa pole, akampa maji. Kisha akamwambia haiwezekani. Alisema wapo wengine waliokataliwa kabla yake, na ndugu zao bado wanaishi mtaa huu. "Tukimzika huyu kwa nyimbo," akauliza, "wale tutawatazamaje?"

Padri alikuwa ametoka mjini, yuko vigangoni huko vijijini. Simu yake haikupatikana.

Ijumaa Mariana alikuja hapa studio kuleta tangazo la kifo. Mnayajua matangazo yetu. Jina la marehemu, jina la mtaa, habari ziwafikie fulani na fulani, mazishi yataongozwa na fulani. Nikamuuliza, "Dada, hapa kwenye kuongozwa, nitaje nani?"

Akasema, "Taja ukweli."

Nikausoma. Nilisema hewani kwamba jumuiya ya marehemu imekataa kumsalia, na kwamba habari ziwafikie wote waliokunywa uji wake, popote walipo. Nilisoma mara tatu siku hiyo.

Mngependa niwaambie kwamba walikuja mamia. Hawakuja mamia. Mtu akipona anarudi kwao, na kwao ni mbali. Wengine hawana redio. Wengine walijua uji, hawakujua jina. Palikuwa na watu wa kujaza turubai moja, na turubai lenyewe alilileta Naseeb. Kaburi lilichimbwa na vijana wa sokoni, wengi wao Waislamu, wakiulizana kwa sauti ya chini kichwa cha Mkristo kinaelekea wapi. Yotham alisimama kwenye udongo akasema Baba Yetu, akakwama katikati kwa kilio, tukammalizia.

Akina mama wa jumuiya walisimama ng'ambo ya barabara. Walikuwepo. Walijifunika khanga, wakatazama. Hakuna aliyevuka.

Kisha Mama Immaculata akavuka. Alitembea haraka, kama mtu anayeogopa atabadili mawazo njiani. Alipofika kaburini akageuka, akawapigia kelele wenzake, "Wakinifuta, wanifute! Nikifa nitupeni hata jalalani! Huyu mimi namwimbia!"

Akaanzisha wimbo wa mazishi, ule ambao mmoja anaanza na wengine wanaitikia. Akafika penye kiitikio, akasubiri. Vijana wa sokoni hawakuujua. Mzee Yotham alikuwa hajiwezi. Aliitikia Mariana peke yake. Mtoto wa marehemu, ambaye siku kama hiyo anapaswa kushikwa mkono na kuimbiwa, ndiye aliyeimba. Wimbo wote ulikuwa wa watu wawili. Ng'ambo ya barabara niliona midomo inacheza. Sauti haikutoka.

Tulikuwa tumeshafukia kaburi, ndipo pikipiki ikafika, imejaa vumbi, na gunia la maharage limefungwa nyuma. Aliyeshuka ni Arcade wa Mishamo, yule wa kugeukia ukuta. Tangu apone, kila akivuna alimletea Pudensiana maharage. Alisikia tangazo Ijumaa jioni, akaondoka asubuhi, tairi likapasuka njiani. Alitazama udongo mbichi. Akavua kofia.

"Nani kamsalia?" akauliza.

Tukatazamana.

"Nauliza nani kamsalia."

Mariana akamwambia, "Sisi hawa, kaka."

Arcade akakaa chini, pale pale kwenye udongo, na nguo zake za safari. Hakuinuka mpaka jua likazama.

Wasikilizaji wapendwa, kesho wanamaliza matanga. Na jana mzee Ponsian alinipigia simu. Alisema nimeiaibisha jumuiya kwa lile tangazo. Alisema watu wanawanyooshea vidole sokoni. Akanipa sharti. Leo, kwenye kipindi hiki, niombe radhi. Nikiomba radhi, kesho jumuiya nzima itakuja kumsalia marehemu, na nyimbo, na katekista.

Hilo si jambo dogo. Jambo hilo si langu, ni la Mariana. Nikamfuata. Alikuwa anasugua sufuria la uji, akiwa amekaa kwenye kigoda, mtoto mgongoni. Nikamweleza sharti lote. Akaendelea kusugua. Kisha akasema:

"Nataka waje. Dada, nataka sana waje. Mama yangu kazikwa kama mtu asiye na kwao. Nikilala nasikia ile nyimbo ya watu wawili."

Nikamwambia, "Basi nitaomba radhi. Kwa ajili yako nitafanya."

Akaweka sufuria chini. "Uombe radhi kwa kosa gani? Ulisoma uongo?"

"Hapana."

"Ukiomba radhi, watu watasikia kwamba mama ndiye alikosea. Kesho asubuhi kuna mwanamke atataka kupeleka uji, atakumbuka yaliyompata mama, ataacha. Waambie waje hivihivi. Wasipokuja, basi. Nitamwimbia tena mwenyewe."

Ndivyo alivyosema Mariana, binti wa Pudensiana, na mimi nimelala na maneno yake.

Nawapa pole Mariana na watoto wake. Nampa pole mzee Yotham wa Litapunga, aliyebaki bila dada. Nampa pole Arcade, na Naseeb, na Mama Immaculata, ambaye naambiwa tayari ameitwa kujieleza. Nawapa pole wagonjwa wanaotazama mlangoni asubuhi hii.

Na ninyi mnaonisikiliza, wa jumuiya yoyote na wa dhehebu lolote, kaeni na swali hili leo. Kama imani yako inajua nani alihudhuria lakini haijui nani ana njaa, hiyo ni imani ya nani? Mimi jibu lako silitaki. Jijibu mwenyewe, kisha uangalie kama una unga.

Mzee Ponsian, shikamoo. Najua unasikiliza, na najua hukufanya kwa chuki. Nakuheshimu kama babu yangu. Matanga ni kesho asubuhi, Majengo, nyumba unaijua. Mariana anawasubiri kwa moyo wake wote. Njooni.

Lakini lile tangazo nililisoma nikijua ninachosoma, na leo ningelisoma tena, neno kwa neno. Siombi radhi.