Madam Wanjugu na Moto Ambao Haukuwako

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Veronicah Wanjugu atavua koti lake jeupe la idara ya upakiaji na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chai hapa Kibugu kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya ustawi wa wafanyakazi iliniomba niandike wasifu wake kwa nusu ukurasa. Nimeupita, na wanakamati wamenisamehe, kwa sababu wote wanamjua.

Madam Wanjugu alizaliwa Kanja na aliajiriwa hapa mwaka 1993 kama kibarua wa kufagia chumba cha kupangia chai. Alipanda hadi upakiaji, na kwa miaka mingi sasa amekuwa msimamizi wa idara hiyo. Mifuko yetu imefika Mombasa ikiwa imejaa sawasawa na imefungwa vizuri. Isipokuwa wiki moja tu, alipokuwa bado anaomboleza mwisho wa filamu ndefu ya Kihindi, shehena nzima iliondoka na lebo zikiwa juu chini. Mnunuzi hakulalamika. Labda alidhani ndio mtindo mpya.

Hapo ndipo tunafikia jambo ambalo haliwezi kuachwa nje ya wasifu huu. Madam anapenda sinema kupita kiasi. Anapenda zile za zamani za rangi nyeusi na nyeupe ambazo hata sauti hazina, anapenda za karate, za Nigeria, za Korea, na hizi mpya zinazotengenezwa na vijana wetu wa Kenya. Ukienda kumwomba ruhusa ya kwenda mazishi, anakupa, lakini kwanza anakusimulia filamu yenye mazishi mazuri kuliko hayo unayoendea. Lawama yake kwa sinema ni moja tu: mtu anapikiwa chakula, anakaa mezani, simu inalia, naye anaondoka bila kugusa sahani. Kitu hicho kinamkera hadi leo. Anasema katika nyumba yake shujaa wa namna hiyo angerudishwa mezani kwanza, halafu ndipo aende kuokoa dunia.

Mumewe, Mzee Nthiga, ni mkulima mtulivu ambaye amemsindikiza kwenye filamu nyingi na hajaona mwisho wa hata moja. Taa zikizimwa, yeye pia huzimika.

Miaka michache iliyopita Madam alianzisha sinema ya Ijumaa kwenye kantini, baada ya zamu ya mchana. Projekta ilikuwa ya kuazimwa kanisani na skrini ilikuwa ukuta uliopakwa chokaa. Mambo yalienda vizuri hadi Ijumaa moja ambapo Ireri, mtunza boila wetu, alipita kuchungulia kidogo tu. Filamu ilikuwa imefika pale mwanamke anapogundua kwamba pacha wa mumewe ndiye mumewe. Ireri aliketi. Kule nyuma kuni zikaisha, mvuke ukashuka, na majani ya wakulima yakabaki yakisubiri kukaushwa. Meneja wetu, Bwana Mutugi, alikuja kantini akiwa amekunja uso, akazima projekta kwa mkono wake mwenyewe na kutangaza kwamba sinema imefungwa hadi atakapobadilisha mawazo. Kwa wanaomjua, hiyo ilimaanisha milele.

Madam hakubishana. Aliukunja waya wa projekta, akairudisha projekta kanisani. Lakini wiki zilizofuata alifanya kazi kimya, na upakiaji ukawa kama hospitali. Hakuna aliyesimuliwa chochote. Tuliomba ruhusa na kupewa papo hapo, jambo lililotutisha sana.

Kisha wakaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo wakaja, wakauliza wafanyakazi wangefanya nini moto ukizuka. Mmoja wetu alijibu kwamba angemwomba Mungu. Mwingine alisema angesubiri maagizo kutoka ofisini. Wakaguzi waliandika, wakaondoka, na taarifa ikafika: wangerudi baada ya miezi michache, na kama hali ingekuwa ileile, cheti chetu kingefutwa. Bila cheti wanunuzi hao wangetuacha, na zamu zingepunguzwa. Hapo utani uliisha. Nyumba nyingi za huku hula kutokana na zamu hizo.

Mafunzo yalijaribiwa. Bwana Mutugi alisoma mwongozo wa usalama mbele yetu wote, na kufikia ukurasa wa tatu Mzee Nthiga hangejihisi mpweke. Ndipo Madam alipoenda ofisini akaomba atengeneze filamu ya usalama. Meneja alikubali shingo upande, kwa masharti: iwe ya dakika tano, isiwe na mapenzi, na asife mtu.

Sharti la tatu lilivunjwa na meneja mwenyewe. Madam alimwambia filamu inahitaji mtu mwenye heshima atakayeonyesha hatari ya kukaidi king'ora, na kwa kuwa hakuna mwingine mwenye heshima kama yake, Bwana Mutugi akajikuta amelala juu ya machela, uso umepakwa masizi. Ireri ndiye aliyeshika simu ya kurekodi. Tatizo lilikuwa tumbo la marehemu, ambalo lilipanda na kushuka.

"Bwana Mutugi, bado unapumua," Madam alimwambia kwa upole. "Kufa vizuri."

Alikufa tena. Alikufa akiegemea upande wa kushoto, akafa akiwa ameshika kifua. Ilipofika saa ya chai tukadhani amechoka, lakini yeye ndiye aliyeomba arudie, kwamba sasa ameelewa. Kuanzia hapo hakuuliza tena habari za dakika tano. Na kwa kuwa marehemu lazima awe na wa kumlilia, mapenzi nayo yakaingia.

Siku ya kurekodi moto wenyewe, Ireri alitengeneza moshi kwa kuni mbichi nyuma ya stoo. Ulikuwa moshi mzuri mno. Uliwafikia wakulima waliokuwa kwenye kituo cha kununulia chai, nao wakapiga simu. Majirani walikuja wakikimbia na ndoo. Mchungaji aliacha mkutano wake akaja akiomba kwa sauti. Sisi wa ndani, tuliosikia king'ora bila kuambiwa kama ni cha filamu au cha kweli, tulizima mashine, tukatoka kwa mlango ulio karibu na kukusanyika uwanjani kama Madam alivyotufundisha katika mazoezi ya filamu, tukihesabiana. Halafu gari la zima moto likaingia kwa kasi, watu wakaruka nje na mipira, wakamkuta Madam akiwa amesimama kwenye kreti.

Aliwaeleza, akawaomba msamaha, na walicheka. Kisha Ireri akakiri kwamba hakuwa amebonyeza kitufe cha kurekodi.

"Pole sana, lakini rudini hadi geti muingie tena," Madam akawaambia. "Na mara hii mkuje mkiwa na wasiwasi kidogo."

Walirudi. Waliingia wakiwa na wasiwasi mwingi sana.

Filamu ilionyeshwa kantini siku wakaguzi waliporudi, blanketi zikiwa madirishani na Mzee Nthiga akiwa ameketi mbele, kwa sababu na yeye alikuwamo, akicheza mkulima anayeleta majani. Kila alipotokea aliitazama kamera moja kwa moja kana kwamba inamdai salamu. Filamu ilichukua karibu saa nzima. Bwana Mutugi alipokufa, wachumaji wawili walilia, na yeye mwenyewe akasafisha koo.

Mkaguzi mkuu, mama mmoja mnyamavu kutoka Meru aitwaye Kiende, aliitazama yote. Picha ya mwisho ilipopita na majina kuanza kupanda ukutani, alifunga mkoba wake na kuinuka, na wenzake wakainuka. Tukaona cheti kikitoka mlangoni pamoja nao.

Madam alisimama mbele ya skrini. Majina yakawa yanapita juu ya koti lake.

"Tafadhali ketini," alisema. "Watu wetu bado wanapita."

Kiende alimwangalia, kisha akaketi. Majina yalikuwa mengi. Kulikuwa na wachumaji, wafagiaji, mpishi, mlinzi wa geti, mchungaji na watu wa zima moto. Hakuna aliyekuwa ameagizwa, lakini kila mtu aliinuka jina lake lilipofika. Mlinzi alivua kofia. Mzee Nthiga, akiwa macho kabisa, alisimama na kusahau kuketi. Ireri, aliyeyapanga majina hayo kwenye simu yake, alijiweka mara nne, na akainuka mara zote nne.

Baada ya hapo Kiende alizunguka kiwandani akiuliza maswali. Kila aliyeulizwa alijua pa kutokea, pa kukusanyikia na nani wa kuhesabu. Dada mmoja wa usafi alijibu vizuri hadi mwisho, halafu akaanguka sakafuni, kwa sababu ndivyo sehemu yake ilivyoisha. Kiende alipotaka kujua ni nani anayehusika na usalama, Bwana Mutugi alijitokeza akasema, "Ni mimi, marehemu."

Cheti chetu kilithibitishwa tena, pamoja na maoni kwamba video ya mafunzo ingefaa iwe fupi. Ijumaa iliyofuata projekta ilitoka kanisani. Meneja mwenyewe ndiye aliyeibeba, na tangu hapo ana kiti chake, na amekuwa akimuuliza Madam kama marehemu anaweza kufufuka katika sehemu ya pili.

Sasa Madam anarudi Kanja. Mzee Nthiga ameshahamisha mahindi kutoka stoo yao ya nyumbani na kuupaka ukuta mmoja chokaa, ili majirani waje kutazama filamu Jumamosi mchana. Watoto wao wamewanunulia mabenchi. Tumesikia chakula kitakuwapo, na kwamba hakuna atakayeruhusiwa kuondoka kabla ya kumaliza sahani.

Madam, wengi wetu tulikuwa tumefanya kazi bega kwa bega kwa miaka, tukiitana kwa idara zetu: wewe wa boila, wewe wa ufagio. Siku ile ukutani ndipo tulipojuana majina kamili, na tumeendelea kuyatumia. Kwa hilo, na kwa kazi safi, na kwa kumuua meneja bila kumdhuru, tunakushukuru sana.

Nenda ukapumzike, na Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Tunakuombea afya njema, siku ndefu, na watazamaji wasioongea filamu ikiendelea. Majani ya chai usinunue. Tutakuletea wenyewe, na lebo zitakuwa zimesimama wima.